Jezi Tisa za Ndugu Yangu

Kwa miaka tisa mimi na ndugu yangu tulitabiri mpira wa kikapu wa Marekani tukiwa kwenye kibanda changu cha mitumba pale Daraja Mbili, na majirani wa soko walituona wehu. Mimi nauza nguo za michezo. Yeye alikuwa mwalimu wa shule ya upili upande wa Nyamira, mrefu kiasi kwamba kuingia kibandani ilibidi ainame, na aliwafundisha wanafunzi wake kikapu kwenye uwanja wa udongo wenye ringi moja. Kila mwaka, Jumapili ya mwisho kabla msimu haujaanza kule ng'ambo, alikuja na daftari. Tuliketi juu ya robota ambalo sijalifungua, kila mmoja akapanga timu zote, kuanzia itakayochukua kombe hadi itakayoburuta mkia, kisha tukatia sahihi. Aliyeshindwa alikwenda kwa mama kuchuma majani chai siku nzima. Mshindi alikaa kwenye kigoda pembeni ya shamba, mwavuli mkononi, akimsimamia.

Mechi zenyewe hatukuzitazama. Zinachezwa sisi tukiwa tumelala, na zile zinazoangukia Sabato hata matokeo yake hatukuyauliza mpaka jua litue, maana mama alitulea hivyo. Utabiri wetu tuliutoa kwenye marobota.

Mwaka wa kwanza nilifungua robota nikakuta jezi za mchezaji mmoja zimejaa tele, namba ile ile, rangi ile ile ya manjano. Nikajisemea, huyu kama nguo zake ni nyingi hivi, basi ndiye mfalme wa huko. Nikaiweka timu yake juu kabisa. Ilimaliza karibu na mwisho. Kumbe yule bwana alikuwa ameshahamia timu nyingine kabla robota langu halijavuka bahari. Ndugu yangu alicheka mpaka akashika nguzo ya kibanda.

"Dada, hizi ni nguo walizozitoa," akaniambia. "Ukiona jezi za mtu zinatoka kwa wingi, jua mwenyewe ameshaondoka."

Mwaka ule nilichuma chai kwenye mvua huku nikimtukana, naye amekaa chini ya mwavuli ananionyesha vichipukizi nilivyoviruka. Lakini kanuni yake niliishika. Kila nilipofungua robota nilihesabu jezi, na timu ambayo jezi za nyota wake zilimwagika niliishusha chini. Katika miaka ile nilimshinda mara nne, na mara hizo nne sikumwonea huruma hata kidogo.

Kila msimu nilimwekea jezi moja nzuri kabla wateja hawajaigusa. Alizitundika kwenye waya chumbani kwake, akazifua mwenyewe, hata mkewe hakuruhusiwa.

Mwaka jana akaanza kuacha chakula. Kwa mama alikataa ugali, akaomba uji, akasema ni mafindofindo. Jumapili ya daftari alipofika nilimwona amekonda, nikamuuliza, ndipo akaniambia ni saratani ya koo na amejua tangu Pasaka. Nilimfokea pale pale sokoni. Nilikuwa na hasira kwa sababu nilikuwa naogopa, na mimi nikiogopa sijui kufanya kitu kingine. Alinisubiri nimalize, kisha akafungua daftari kama kawaida, tukapanga timu zetu. Chini ya timu zangu nikaongeza sentensi moja: ndugu yangu ataona fainali. Nikatia sahihi, nikamsogezea. Alitia sahihi chini ya orodha yake. Chini ya sentensi yangu hakutia. Nikadhani hakuiona.

Baada ya hapo jezi zikaanza kutoka. Nyekundu alimpa nahodha wa timu ya shule, nikamsifu. Ya kijani akampa mlinzi wa getini. Nyingine ikaenda kwa rafiki yake wa Keroka. Siku moja nikipanda kilima cha Nyanchwa nikaiona ya zambarau mgongoni mwa mtu wa boda boda, nikaijua kwa sababu kwapa lake nililishona mwenyewe. Nilimpigia simu nimekasirika, nikamuuliza mbona anagawa vitu nilivyomchagulia kwa macho yangu.

"Zimenizidi upana, dada," akasema taratibu.

Kama ni upana tu, nikamwambia, hilo ni tatizo la sindano. Jumapili iliyofuata nilikwenda kwake na uzi. Kwenye waya ilikuwa imebaki moja, ya buluu. Niliipunguza pande zote mbili huku nikimgombeza kwa zile nane, naye amelala kitandani ananitazama. Alipoivaa ilimkaa vizuri. Nilifurahi, Mungu anisamehe.

Alifariki mwezi wa pili, msimu ukiwa nusu. Baada ya mazishi, wazee walikaa nyumbani kugawa nguo za marehemu kwa jamaa, kama ilivyo desturi yetu. Suruali zikapata wenyewe, makoti yakapata wenyewe, viatu pia. Ile jezi ya buluu ilizunguka mkono kwa mkono. Wanaume wa kwetu ni warefu na wapana, na hakuna hata mmoja aliyeweza kuingia ndani ya nguo ile. Ndipo nilipoona jinsi nilivyoipunguza. Wakanipa mimi.

Fainali zilipoisha nilifungua daftari alilokuwa ameniachia kibandani. Orodha yake ilinishinda kwa mbali, hata bingwa alimpata. Nikateremka hadi kwenye ile sentensi yangu yenye sahihi moja. Kazi yangu ni kusoma nguo zinazotoka. Nilisoma za watu wa Marekani ambao sitawaona maishani, na nane za ndugu yangu zikapita mbele yangu moja moja, nikazisoma kama tatizo la upana tu.

Nilikwenda kwa mama kulipa deni la kushindwa. Alinipa kikapu cha kuchumia, halafu, kwa mazoea tu, akatoa kigoda na mwavuli akaviweka pembeni ya shamba. Nilichuma mpaka jioni, na kila nilipofika upande ule nilirudi nyuma kukagua vichipukizi nilivyoviruka.