Maji Yaliyobaki Ndani ya Mashine

Katika ofisi ya wapima ardhi, iliyokuwa ghorofa ya juu kabisa ya jengo la ghorofa tatu, kila mtu alimwita mama mhudumu Shangazi, hata mkuu wa ofisi ambaye alimzidi umri kwa miaka miwili. Kazi yake ilikuwa kufungua milango asubuhi, kufagia, kupiga deki, kupokea wageni wakati wenyeji wao wamechelewa, na kuhakikisha hakuna anayekaa na kiu. Alikuwa mama mfupi mwenye mwendo wa haraka na ulimi usiotulia. Kwa miaka kumi na mmoja hakuwahi kuitwa kwa mkuu kwa kosa, na jambo hilo alilitaja hata pasipo kuulizwa.

Mashine ya kahawa ilikuwa mali ya ofisi, lakini mwenyewe alikuwa yeye. Ilikuwa ndogo, nyeusi, ya kutoa kikombe kimoja kimoja. Unatia maji kwenye tangi la nyuma, unaweka kikopo kidogo cha kahawa juu, unabonyeza, inanguruma kidogo, inakupa kikombe chako wewe na si cha mwenzako. Wapima walipoiona siku ya kwanza walisema hiyo ni mashine ya mtu mchoyo. Baada ya wiki mbili walikuwa wakiipangia foleni.

Mwaka mmoja tangu mashine ije, ofisi ilifungwa miezi miwili ili kuta zipakwe rangi. Shangazi alimwaga maji ya tangi, akalikausha kwa kitambaa, akaitia mashine kwenye katoni. Katoni ilikataa kuingia wima kwenye rafu ya juu ya stoo, basi akailaza ubavu, akafunga mlango, akaenda zake. Kwenye rafu ya chini yake palikuwa na ramani. Hizi zilikuwa za mchora ramani wa ofisi, bwana mmoja mwembamba mwenye miwani minene, aliyeng'ang'ania kalamu na wino wakati wenzake wote walikuwa wamehamia kwenye kompyuta. Karatasi kumi na nne za bonde zima la mto, pamoja na mashamba yake. Kazi ya miezi saba.

Stoo ilipofunguliwa, karatasi nane zilikuwa zimegandana na kuota ukungu. Mto ulikuwa umeenea mpaka mashambani. Mchora ramani alizibandua moja moja, kisha akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena, kana kwamba huenda kosa lilikuwa la miwani.

"Maji haya yametoka wapi?" mkuu aliuliza.

Shangazi alitazama. Katoni ya mashine ilikuwa imelowa upande wa chini, na ubao wa rafu ulikuwa na alama ya maji.

"Yametoka juu," akasema.

Alisema alichokiona. Juu ya rafu kulikuwa na dari, juu ya dari kulikuwa na mabati, na mwezi mmoja kabla ya ofisi kufungwa fundi alikuwa ameyaziba mabati hayo mahali yalipoanza kuliwa na kutu. Mvua nazo zilikuwa zimenyesha. Lawama ikapata mwenyewe pale pale.

Fundi huyo watu walimwita Mzee Bati. Aliitwa, akaja na ngazi yake begani, akapanda, akakaa juu karibu nusu saa. Aliposhuka magoti ya suruali yalikuwa meupe kwa vumbi.

"Paa halivuji," alisema. "Tazameni dari. Haina hata doa."

"Limeshakauka," mkuu alisema. "Au unataka kuniambia ramani zimelia zenyewe?"

Watu wakacheka. Mchora ramani hakucheka. Alisema kwa sauti ya chini, "Mzee, macho yakishachoka mtu hukaa chini, akawaachia wenye macho."

 Mzee Bati alichukua ngazi yake akashuka ngazi za jengo, akiigonga ukutani kila kona. Mwenye jengo alipopata habari akatafuta fundi mwingine. Shangazi akaitupa ile katoni iliyolowa, akaisugua mashine kwa siki maana kahawa ilitoa harufu ya uvundo kwa siku kadhaa, na maisha yakaendelea. Mchora ramani alianza upya karatasi zake nane.

Miaka mitatu ikapita. Safari hii ofisi ilitakiwa kufungwa wiki sita, mafundi wabadilishe nyaya za umeme. Siku ya Ijumaa mchana Shangazi alikuwa kwenye jiko dogo la ofisi akifunga mizigo, simu ikaita. Alikuwa mdogo wake, fundi wa vifaa vya umeme, aliyetaka kujua ni nani kati yao atakayempeleka mama yao kliniki Jumatatu.

"Dada, mbona kelele hivyo? Unavunja nyumba ya watu?"

"Nafunga vyombo. Nimeshamwaga maji ya mashine ya kahawa, sasa naitia kwenye katoni."

"Umemwaga ya tangi tu, au na ya ndani?"

"Ya ndani yapi?"

"Ina kitangi kingine tumboni, ndicho kinachochemsha. Hukioni. Hata ukitoa la nje, hicho kinabaki kimejaa."

"Usiniletee mambo yako. Mashine hii naijua kuliko ninavyomjua shemeji yako."

"Haya. Ilaze ubavu kwenye sinia, uendelee na vikombe vyako, kisha uje uniambie. Ila usiichomeke kwenye umeme."

Shangazi aliilaza, si kwa kuwa alimwamini, bali alitaka kumpata amcheke mpaka Jumatatu. Akaendelea kuvisha vikombe magazeti. Alipogeuka, sinia lilikuwa na maji. Hayakuwa matone. Yalikuwa yametoka polepole kwenye kona ya chini ya mashine, yakasambaa mpaka ukingoni, na mengine yalikuwa yameanza kudondokea sakafuni.

Aliyamimina kwenye kikombe. Kikajaa. Akachukua cha pili, kikapita nusu.

Akavuta stuli, akakaa. Kikombe kilikuwa mkononi mwake na hakujua akiweke wapi. Alichokiona kilikuwa ile katoni, ilivyolowa upande wa chini tu na juu ikawa kavu. Paa lingevuja, katoni ingelowa juu kwanza. Aliishika katoni ile kwa mikono yake miwili, akaitupa mwenyewe, na halikumjia hata wazo. Kisha akayasikia maneno yake mwenyewe: yametoka juu. Naam, yalitoka juu, futi mbili tu juu ya ramani, na aliyeyaweka hapo alikuwa yeye.

Simu ilikuwa bado wazi pale mezani. Mdogo wake alikuwa akiita, "Dada? Dada, upo?"

"Nipo," akasema. "Niambie namna ya kuyatoa yote."

Mdogo wake akamwelekeza. Aishike juu ya sinki, aiinamishe mbele, kisha nyuma, kisha ubavu huu na ule, mpaka asisikie kitu kikicheza ndani. Halafu afute, aache mfuniko wazi siku mbili ipigwe na hewa, ndipo aiweke kwenye katoni, tena wima. Siku nyingine, kabla ya kuichomoa, aiwashe bila kutia maji ili isukume yenyewe yaliyobaki, kisha aiache ipoe. Shangazi alifanya alivyoambiwa. Mashine ilikohoa, ikatema, ikanyamaza. Aliitikisa sikioni kama mtu anayepima nazi. Kimya.

Angeweza kuishia hapo. Mashine ilikuwa kavu, sakafu ameipangusa, na duniani kote hakuna aliyejua isipokuwa yeye. Alikunja kitambaa, akakikunjua, akakikunja tena. Kisha akapiga moyo konde, akaenda kugonga mlango wa mkuu.

Mkuu alimsikiliza huku akitia faili kwenye maboksi. "Shangazi," alisema, "hayo yalishapita. Miaka mitatu sasa. Nani anakuuliza?"

"Hakuna."

"Basi?"

"Basi yule mzee tulimwita mwongo, na mwongo hakuwa yeye."

Mkuu aliacha faili. Alikaa akitazama dirishani, akasema atafikiri la kufanya, kwa sauti ya mtu ambaye angefurahi asifikiri. Mchora ramani alikuwa mlangoni na boksi lake la kalamu, na alikuwa amesikia yote. Shangazi alingoja amfokee. Alikuwa amejiandaa kwa hilo, maana miezi saba ya mtu si mchezo. Lakini alichosema ni, "Mimi ndiye niliyemtajia macho." Akaliweka boksi chini. "Ukimwona, mwambie nitakuja mwenyewe."

Jumamosi asubuhi Shangazi alimwendea Mzee Bati. Ilimbidi aulize kwa wauza misumari watatu ndipo akaelekezwa. Alimkuta uani kwake, chini ya kibanda cha turubai, akikunja bati kutengeneza ndoo. Ngazi ilikuwa imelazwa kando ya ukuta, na nguo za kuanika zimetundikwa juu yake. Mzee alimtambua mara moja. Hakusimama, lakini alimsogezea kigoda.

"Karibu, mama. Mnataka ndoo?"

"Sitaki ndoo, mzee wangu. Nimekuja na maneno, na ukimaliza kuyasikia ukitaka kunifukuza unifukuze."

Akamweleza. Njiani alikuwa amepanga ayazungushe maneno kwanza, lakini kigoda kilikuwa kifupi na mzee alikuwa akimtazama usoni, basi akayatoa kama yalivyo: katoni, ubavu, kitangi cha ndani, kikombe kimoja na nusu. Mzee Bati aliacha nyundo.

"Rafu ilikuwa ya mbao au ya chuma?"

"Ya mbao."

"Mbao zimeachana au zimebanana?"

"Zimeachana. Kidole kinapita."

"Hm." Mzee alichora rafu mchangani kwa kijiti, akatia nukta mahali pa mashine, akashusha mstari. "Yalipita hapa, yakaingia hapa. Miezi miwili, tone kwa tone." Alikuwa kama mtu aliyepata ufunguo uliopotea, hana haraka ya kumgombeza aliyeupoteza. "Nilijua paa langu halivuji. Nililolala nikiliwaza ni maji yalitoka wapi. Mwisho nikaanza kusema, labda kweli sikuona."

"Nisamehe, baba."

Mzee aliweka kijiti chini. Aligeuza kichwa, akaita, "Mama watoto! Hebu njoo hapa."

Mke wake akatoka ndani akifuta mikono kwenye khanga, mama mnene mwenye macho makali.

"Rudia," mzee alimwambia Shangazi. "Yote, tangu mwanzo."

Shangazi akarudia. Mara ya pili ilikuwa ngumu kuliko ya kwanza, maana yule mama alikuwa akimkazia macho bila kupepesa. Alipomaliza, mama yule akasema, "Mimi ndiye niliyemkataza kupanda. Nilimwambia watu wazima wamesema macho yako yamekwisha, usije ukaniletea maiti hapa. Ile ngazi ni mimi niliyeifanya kamba ya nguo." Akamgeukia mumewe. "Na wewe mbona ulinikubalia?"

"Ningesemaje? Ulikuwa wewe na ofisi nzima."

Yule mama akaingia ndani, akarudi na kikombe cha chai, akampa Shangazi. Shangazi alikunywa chote, ingawa kilikuwa cha moto mno. Alipoaga, mzee alimwomba jambo moja tu: mwenye jengo naye ayasikie, tena kwa kinywa chake Shangazi, si kwa simu.

Jumatatu Shangazi alimpeleka mama yake kliniki, na Jumanne akaenda kwa mwenye jengo. Alimkuta mkuu ameshafika. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha wageni na uso wa mtu aliyekunywa dawa chungu, lakini alikuwa amefika, na neno la kwanza alilisema yeye. Mwenye jengo hakuwa mtu wa kurefusha mambo. Alisema ghala lake la nyuma lina mabati manne ya kubadilishwa, na kwamba fundi aliyemchukua baadaye hapokei simu.

Mchora ramani alikwenda kwa mzee siku yake, peke yake. Walichozungumza hakikujulikana. Kilichoonekana ni kwamba alirudi na ndoo mpya ya bati, akaiweka chini ya meza yake, akawa akitupia humo karatasi zilizoharibika.

Siku ya kazi ya ghala, Shangazi alipita kupeleka funguo kwa mafundi wa umeme. Mzee Bati alikuwa juu, amepiga magoti, misumari imebanwa kati ya midomo. Mke wake alikuwa chini ameishika ngazi kwa mikono miwili, akimwambia asogee kushoto. Mzee alisema kushoto hakuna kitu. Mama akasema anaona msumari umelegea. Mzee akainama, akatazama, akaugongomea.