Boti Niliyoipeleka Mazishini Makina

Kuna watu kule Makina ambao mpaka leo wakiniona napita wanaguna, "Boti huyo," na mimi nageuza uso kama mtu aliyeona kitu cha maana ng'ambo ya barabara. Mkasa wenyewe nimeusikia ukisimuliwa mbele yangu zaidi ya mara moja, umetiwa chumvi, na sikuwahi kumsahihisha mtu kwa sababu hata bila chumvi aibu yake inatosha. Leo nitausema mwenyewe, mara moja tu, halafu mniache.

Mimi ni fundi wa viti. Kibanda changu kiko Kawangware 46, nashona viti vya matatu, sofa, na hata viti vya kinyozi. Kazi hii nilifundishwa na Mzee Ramadhani, Mnubi wa Makina, Kibera, aliyenichukua nilipotoka Bungoma nikiwa sijui hata kuingiza uzi kwenye cherehani, akanikalisha kwake miaka mitatu, nikala mezani kwake na mwanawe Idi mpaka Idi akawa ndugu yangu. Mzee alikuwa mkali kwa mambo mawili. La kwanza, kila mshono urudiwe mwisho wake, usiachwe hivi hivi. La pili, usiiamini pua yako. "Fundi wa viti hana pua," alikuwa anasema, "gundi imeshaiua. Chakula chako kikiungua utaambiwa na jirani." Nilicheka tu, kijana nilikuwa.

Sasa, mwaka jana nikapata kazi ambayo hakuna fundi wa 46 aliyewahi kuipata. Jamaa mmoja wa Karen alikuwa amenunua boti iliyotumika kutoka nje, boti ya mchezo fulani ambao ukielezwa mara ya kwanza unadhani unadanganywa: boti inakwenda polepole ziwani, nyuma yake inainua wimbi, na mtu anasimama juu ya ubao anateleza kwenye hilo wimbi, hata kamba hashiki. Ili wimbi liwe kubwa boti lazima izame kidogo, na ili izame ina mifuko mikubwa ya mpira chini ya viti, inayojazwa maji. (Ndiyo, boti iko ndani ya maji na bado inabeba maji. Nilipomweleza Mzee Ramadhani alicheka mpaka akakohoa, akasema, "Na sisi huku tunapanga foleni na mitungi.")

Bosi alikuwa ameifungia mnara wa chuma wenye spika nne kubwa, na skrini ya kugusa karibu na usukani, lakini viti vilikuwa vimeoza na ile mifuko miwili ya nyuma ilikuwa inavuja. Boti ikaletwa kwangu juu ya trela. Nikashona viti upya, vyeupe pe, nikaziba mifuko kwa gundi na viraka, nikaipangusa na thina ya kutolea gundi ndani na nje, na bosi akatuma bauza, lori la tangi la maji safi, tuijaze tuone kama itashika. Ikashika. Usiku kucha haikudondosha hata tone.

Mzee alikuwa mgonjwa wakati huo, miguu imevimba, hatoki nyumbani. Kila nikimpigia simu aliuliza, "Boti yangu imefika wapi?" Aliniambia ikiisha niipitishe Makina, hata barabarani tu, aione akiwa mlangoni. Nikamwambia wiki ijayo, Mzee.

Asubuhi iliyofuata ile ya kujaza maji, saa mbili hivi, Idi akanipigia.

"Weke, mzee ametuacha. Alfajiri."

Nilikaa chini palepale juu ya mabaki ya sponji. Akaniambia wanazika baada ya sala ya adhuhuri, kama ilivyo desturi yao, maiti haingoji. Halafu akasema kwa sauti ya chini kwamba Makina haina maji siku ya nne, na mzee hajaoshwa, na watu wa msikiti wamesema wanaweza kuleta mitungi kumi waliyokuwa wamewawekea watu wengine.

Hapo ndipo nilipoharibu. Ningeweza kusema pole, ndugu yangu, nakuja. Lakini nilikuwa nimeangalia ile boti imejaa maji ya bauza, na nikasema, "Idi, msihangaike. Mimi nina maji. Nina tangi mbili nzima. Waambie wa msikiti wawape wale wengine."

"Una hakika?"

"Msihangaike, nimesema."

Mtu mwenye akili angechota hayo maji kwa mitungi pale pale kibandani akayapeleka kwa mkokoteni. Mimi nilimpigia Otieno, dereva wa bosi, aje na pikapu aivute boti yenyewe. Nilijiambia ni kwa sababu mzee alitaka kuiona. Hiyo ilikuwa nusu ya ukweli. Nusu nyingine ni kwamba nilitaka Makina nzima ione kazi niliyoshona, mimi Wekesa niliyefika pale na mfuko wa plastiki, na naona haya kuandika hivyo lakini ndivyo ilivyokuwa.

Otieno alipofika akaikagua trela, akasema, "Fundi, hii haifai kuvutwa na maji ndani. Ekseli ya magurudumu itakufa."

"Ni hapa tu Kibera, Otieno. Pole pole."

Tukaenda pole pole kweli, na kila tulipopita watu walisimama na simu zao, na mimi nilikuwa nimeketi mbele nimenyoosha shingo. Makina kwa Mzee Ramadhani unaingia kwa njia nyembamba, kuta pande zote mbili, na kichochoro kingine cha kutokea kilikuwa kimechimbwa mtaro wa bomba. Pikapu ikapita. Trela ikapita nusu. Halafu gurudumu la kushoto likateleza kwenye mfereji, tukasikia mlio wa chuma, na boti ikalala kwenye ukuta wa jirani, imeziba njia yote.

Wanaume walikuwa wameketi kwenye viti na mikeka kando ya ukuta, wanasoma kwa sauti ya chini. Wote wakainua vichwa. Idi akatoka mlangoni akiwa amevaa kanzu, macho mekundu.

"Weke, hii ni nini?"

"Ni maji," nikasema. (Najua. Hata mimi nilijisikia.)

Akaja na ndoo, na nyuma yake Mzee Sebit, anayeosha maiti za pale mtaani, mikono ya kanzu yake imeshakunjwa hadi viwiko. Nikapanda botini haraka, nikawasha umeme, skrini ikawaka, na nilijua kuna alama ya kutolea maji ila sikujua vizuri ni ipi kwa sababu tulipokuwa tunajaribu aliyebonyeza alikuwa Otieno. Nikabonyeza moja. Spika nne za mnarani zikafumuka. Ulikuwa wimbo wa sherehe ya bosi, wa kunengua, mabesi yanagonga mabati ya nyumba, na mwanamke anaimba kwa furaha kabisa, na mimi nabonyeza huku na huku, taa za buluu zinawaka na kuzima, na sauti badala ya kushuka inapanda.

"Zima!" Idi akapiga kelele. "Weke, zima hiyo kitu! Baba yangu ako hapo ndani!"

Nikabonyeza nyingine, na pampu ikaanza. Sikuwa nimefikiria maji yanatokea wapi. Yanatokea ubavuni, kwenye tundu, kwa nguvu, na jinsi boti ilivyolala, ubavu huo ulikuwa umewaelekea wazee waliokuwa wanasoma. Yakawapiga vifuani. Mzee mmoja alikuwa ameshika msahafu, akauinua juu ya kichwa kwa mikono miwili ili usilowe, na yeye mwenyewe akalowa kuanzia kofia hadi viatu. Otieno ndiye aliyeng'oa waya wa betri, na kila kitu kikanyamaza.

Katika kimya hicho Mzee Sebit aliinama, akakinga ndoo ya Idi chini ya tundu lililokuwa bado linadondoka, akachota kwa kiganja, akanusa. Akanusa tena. Akaniangalia bila hasira.

"Kijana, haya maji yana nini?"

"Ni maji safi, Mzee. Ya bauza."

"Yananuka gundi na thina. Hunusi?"

Nikanusa. Wallahi sikusikia kitu. Nikaweka pua kwenye ndoo, nikavuta, hakuna, na watu waliosimama mbali walikuwa wanafunika midomo kwa vitambaa. Hapo ndipo maneno ya mzee yalinirudia, na nilitamani ule mfereji unimeze.

"Haya hayaoshi maiti," Mzee Sebit akasema, akayamwaga.

Idi akapiga simu msikitini. Ile mitungi kumi ilikuwa imeshakwenda Soweto East, kwenye msiba mwingine. Mtu mmoja akasema labda mzee afanyiwe tayamamu, udongo badala ya maji, na kutoka ndani nikasikia sauti ya Mama Idi ikisema, "Mume wangu amekaa miaka yote hapa apakwe mchanga?" Halafu kilio. Adhuhuri ikaadhiniwa tukiwa tumesimama. Maiti haikuwa imeoshwa.

Maji yalipatikana kwa majirani. Mmoja mtungi nusu, mwingine sufuria, mwingine yale aliyoweka ya kupikia watoto. Walipita mbele yangu wakiyabeba kwa uangalifu, hakuna aliyenisemesha. Mzee Ramadhani aliswaliwa baada ya alasiri.

Lakini kabla ya hapo ilibidi atoke, na njia nilikuwa nimeiziba. Tulisukuma ile trela watu ishirini, ekseli ilikuwa imepinda, haikusogea hata shubiri. Idi akaangalia boti, akaangalia jeneza, akasema, "Apite juu." Wakalipandisha jeneza nyuma ya pikapu, kutoka hapo likaingizwa mbele ya boti, wanaume sita wamesimama kwa viatu vya matope kwenye viti vyangu vyeupe, wakalipitisha chini ya mnara wa spika, taratibu, wakalipumzisha kidogo kwenye kiti cha nyuma wakati wengine wanashuka kulipokea. Nilikuwa upande ule wa kupokea. Niliona mshono wa kiti ukivutika chini ya uzito wote huo. Haukuachia. Nilikuwa nimeurudia mwisho.

Mama Idi alikuwa mlangoni na wanawake wengine, anatazama. Nilipopanda boti kurudi upande wake kumwomba msamaha alinitangulia.

"Alikuwa anaiulizia kila siku, Wekesa," akasema. "Basi ameipanda."

Ningepigwa makofi ingeniuma kidogo kuliko hayo. Nililia pale, mtu mzima, nimelowa maji ya thina.

Bosi alipoona ekseli na alama za viatu aliichukua boti na sikumwona tena, na sina neno naye. Idi tunasalimiana. Siku ya arobaini nilikwenda, akanipa soda, akakaa kiti cha tatu kutoka kwangu. Zamani tulikuwa tunakunywa chupa moja.

Kwa hiyo mimi neno "msihangaike" nimeliacha, halitoki tena kinywani mwangu. Juzi jirani wa hapa 46 alifiwa. Nilinunua maji mtungi mmoja, nikambembeleza mwenye kibanda cha mboga ayanuse kwanza, akanishangaa lakini akanusa, akasema ni maji tu. Nikayabeba begani, nikaenda kwa miguu, nikayaweka mlangoni na sikusema kitu.