Mti wa viwavi wa mama mkwe, na shoka la mume wangu

Wakuu, hamjambo humu ndani?

Juzi mtu aliuliza hapa kama viwavi wanaweza kuisha porini. Nilicheka, kisha nikalia kidogo. Haya yalinipata mimi mwenyewe, Kindu, enzi za Zaïre, tulipokuwa tunaitana citoyen na citoyenne, yaani raia mume na raia mke. Sikuhadithiwa, wala sitatia chumvi.

Mimi Mukasai, mtu wa Kasai. Baba alikuja Kindu kwa kazi ya reli, nami nikaolewa na Ramazani, kijana wa palepale, wa reli vilevile.

Mimba ya kwanza ikanitesa. Bukari, yaani ugali, natapika. Samaki nikisikia harufu tu, natapika. Kilichopita kooni ni viwavi peke yao, na msimu ndio kwanza ulikuwa unaanza.

Sasa, mama mkwe wangu, Mama Mwamini, alikuwa na mti wake wa viwavi shambani, njia ya Kibombo. Aliachiwa na mama yake. Viwavi wakikomaa hushuka kwenye shina waingie udongoni kulala, na hapo ndipo watu huwaokota. Yeye wale wa kwanza kushuka haruhusu mtu kuwagusa.

"Hawa njo mama za wale ya mwaka kesho," alikuwa anasema, yaani ndio watakaogeuka vipepeo na kutaga mayai ya msimu ujao.

Ramazani akaniona nimekonda. Huyo bwana hakungoja viwavi washuke. Kule reli walimzoesha: mti ukisumbua, unakatwa. Akaenda na shoka, akaangusha mti mzima, akarudi na kikapu, meno yote nje! Nilikula nikashiba, maskini, sijui wametoka wapi.

Mama alipoona mti uko chini hakupiga kelele. Ramazani akamsalimia.

Kimya.

Wakuu, kwetu mama asipoitikia salamu yako, umekwisha. Na huyo ndiye aliyekuwa ampokee mtoto wangu na kumwogesha. Mume wangu akawa hali, halali. Nilipojua nilimkasirikia, lakini nikamwonea huruma mpaka hasira zikaniisha.

Nikamfuata mama shambani, tumbo mbele. Nikamkuta anaokota viwavi wadogo kwenye matawi yaliyoanza kunyauka, anawaweka ndani ya kikapu chenye majani mabichi.

"Mama, unafanya nini?"

"Ninawahamisha. Hawa watoto hawana kosa."

Nyuma ya nyumba yetu palikuwa na mti wa aina ileile, mchanga bado. Tukawapandisha hapo kwa mikono, taratibu.

Wakanenepa. Majirani wanacheka: "Citoyenne, unafuga viwavi kama kuku?" Mimi nawatazama mate yananijaa, aisee, mimba haina adabu! Lakini sikugusa hata mmoja.

Ramazani akitoka kazini anakuja kufukuza ndege. Hata siku ya salongo, ile kazi ya umma ya lazima, akimaliza kufyeka barabara, anakimbilia mtini. Mama anamwona, anapita zake.

Siku viwavi waliposhuka, mume wangu alipiga magoti pale chini, anawafungulia njia kwa vidole. Mama akasimama mlangoni kwetu, anamtazama.

"Ramazani."

"Naam, mama."

"Funga kuku. Watawafukua."

Basi, ni hayo tu. Mwanaume mzima akalia kama mtoto, huku anakimbiza kuku.

Binti yetu alizaliwa, mama akamwogesha kwa mikono yake. Tukampa jina la bibi yake, Mwamini.

Msimu uliofuata tuliona majani ya ule mti yana matundu. Wamerudi! Walipoanza kushuka, mama akamweka mjukuu mgongoni kwa Ramazani: "Onyesha mutoto wako. Hawa wa kwanza asiwaguse."

Waliofuata akawaokota, akawakaanga kwa mawese, akaniletea sahani mimi kabla ya wote.

"Kula, mwanangu. Mwaka jana wa mti huu uliwaangalia tu."

Mpaka leo sijala kitu kitamu kama kile.

Nilichojifunza ni kwamba ukipenda kitu, usikimalize. Na ukimkosea mama, usichoke kufukuza ndege.

Haya, na kwenu ni nini kinachoachwa kipite bila kuguswa, ili kirudi mwaka ujao? Semeni, nawasoma. Ila wa kunitania kuhusu viwavi, kwanza aonje.