Taya Lilipofunga

Nilikuwa kidato cha tatu, shule ya bweni upande wa Karungu, nilipopiga miayo asubuhi moja na mdomo ukakataa kufunga. Kitu kilialika karibu na sikio la kulia. Nikasukuma kidevu kwa viganja mpaka taya likarudi, machozi yakinitoka. Tangu siku hiyo mdomo ulifunguka upana wa kidole, ukagoma.

Nilipofika nyumbani, Mama hakuwa na shaka. "Hilo ni gego, nyathina, mwanangu. Ling'olewe tu."

Mwenye kliniki ndogo ya sokoni alikubaliana naye. Ili apate nafasi ya kuingiza koleo, alinipanua mdomo kwa nguvu huku Mama amenishika kichwa. Gego likatoka, jeupe, zima. Tulilitazama kwenye pamba. Maumivu yalibaki palepale.

Nilikuwa naongoza nyimbo katika kwaya ya shule. Mwalimu wa muziki alinivumilia kwa muda, kisha akaniita kando. "Sauti iko," akasema, "lakini maneno hayatoki. Simama nyuma, upumzike kidogo." Nafasi yangu akapewa rafiki yangu niliyelala naye bweni moja. Alikuja kuniomba radhi, nikamjibu kwa meno yaliyobana kwamba sina neno. Alidhani nimekasirika. Ningemwelezaje, na kuongea kwenyewe ndiko kulikoniumiza? Polepole akaacha kuja kitandani kwangu kupiga gumzo. Darasani nikaacha kunyoosha mkono. Wasichana wakasema ninaringa.

Dada yangu alipoolewa, watu walikula mbuzi na samaki wa kukaanga. Mimi nilikaa na kikombe cha mchuzi. Shangazi akauliza mbele ya wageni, "Huyu naye anaogopa kunenepa, na vile amekonda?" Mama akainuka, akaenda jikoni. Nilimfuata, nikamkuta anaponda kipande cha samaki kwa uma, anatoa miiba, analia kimya.

Ndipo tukaenda hospitali, Homa Bay. Daktari wa meno aliniwekea vidole mbele ya masikio.

"Fungua. Funga. Fungua tena." Akamgeukia Mama. "Si jino, Mama. Ni kiungo cha taya. Kuna kisahani laini ndani yake, kimehama mahali pake."

"Basi kirudishe, daktari."

"Si rahisi hivyo. Ale vitu laini, ajikande na kitambaa cha moto, asiume meno. Wengine hupata nafuu. Lakini anahitaji mtaalamu wa taya, na hapa hatuna."

"Na lile gego walilomtoa?"

Daktari akaanza kuandika kwenye kadi yangu.

Sasa niko chuoni Migori, nasomea ualimu, kazi ya mdomo. Mtaalamu nilimpata baadaye, mbali na kwetu. Alinitengenezea kifaa cha kuvaa nikilala. Maumivu yamepungua, lakini hakuna anayeniahidi kwamba yatakwisha. Kuna wiki nacheka mpaka nasahau. Kisha naamka taya limefunga.

Muhula uliopita nilipelekwa kufanya mazoezi ya kufundisha Isebania. Katikati ya somo msichana mmoja aliniuliza swali. Jibu nililijua. Nikajaribu kufungua mdomo, ukagoma kama zamani. Darasa zima likaningoja.

"Mwalimu?" akasema.

Nikageukia ubao, nikaanza kuandika jibu. Niliandika mpaka kengele ikalia, maana sikujua lingine la kufanya.