Mwaka Ambao Vikongwe Wote Vitabuni Walipona

Ile siku ninayoikumbuka mimi, mwanangu, nilikuwa bado bibi harusi mbichi hapa Tunduma, hata kanga zangu hazijaanza kuchuja. Baba mdogo akatokea mlangoni, ametoka Mbebe, kwetu milimani kule Ileje, kofia kaishika mkononi. Namkaribisha ndani, haingii. Akasema kwa ile sauti yake ya kuvuta, kama mtu anayepanda kilima na gunia, “Aaa, mwanaaangu, baba yako anaumwa kidooogo tu. Twende ukamsalimie.”

Kidogo! Mimi nikanunua mkate na sukari, vitu vya mgonjwa, nikapanda gari nacheka. Njia nzima namwiga baba anavyokoroma, maana kuiga watu sikuanza leo, na baba mdogo anatazama nje tu. Tulipokata kona ya nyumbani nikaona wanaume wamekaa kimya, majembe yana udongo mwekundu mbichi. Ndipo nikasikia wanawake wanalia ndani. Nikasimama pale, mkate kwapani. Wakaniambia, “Tuliogopa utazimia njiani.” Sawa, ningezimia. Wangenimwagia maji, ningeamka, ningefika najua ninakokwenda. Kuliko kumcheka baba yangu safari nzima kumbe amelala ndani kafunikwa shuka.

Tangu hapo neno “kidogo” silimezi. Muuza nyama akiniambia mifupa ni kidogo, nageuza nyama yote.

Sasa mjukuu wangu Tusekile, ninayeishi naye, ana kibanda chake cha kutuma pesa kule karibu na mpaka. Wateja wakipungua anasoma. Mimi shule sikwenda, herufi naziona kama nyayo za kuku, kwa hiyo Jumapili tukitoka ibadani ananisomea yeye. Anaazima vitabu kwenye kabati la kanisa, vingine ananunua vilivyochakaa kwa wale wanaotandika chini. Mimi namenya karanga nasikiliza. Jirani yangu mama Chanda, mwanamke wa Nakonde aliyeolewa upande huu, anakuja na ungo wake, naye anasikiliza.

Mwanzoni mwa mwaka miguu ilinivimba na pumzi ikawa fupi. Tuse akanipeleka hospitali. Daktari kijana, anaongelea puani: “Bibi, hebu kapumzike pale kwenye benchi, niongee na mjukuu.” Nikakaa kwenye benchi. Tuse akatoka na tabasamu la kubandika. “Bibi, amesema upumzike, basi. Ni uchovu kidogo tu.”

Umesikia hilo neno? Nikameza vidonge, masikio nikayaweka kazini.

Basi mwaka ukaisha. Jumapili ile baada ya Krismasi Tuse akatandika vitabu vyote mkekani, vingine karudi kuviazima tena kwa ajili hiyo. Akasema, “Leo hatusomi. Leo tunavikumbuka vya mwaka mzima. Kila mtu aseme kilichompendeza.”

Mama Chanda akaruka wa kwanza, akiniita mama kwa lugha ya kwao. “Mimi, ba mayo, kile cha fundi cherehani! Yule mama mkwe wake nilijua anakufa yule.”

“Alipona,” Tuse akasema.

“Na kile cha watu wa mpunga, bibi yao aligongwa na nyoka.”

“Alipona.”

“Na yule kikongwe mwenye mbuzi, aliyekohoa kitabu kizima?”

“Huyo alipona kabisa. Alicheza mpaka harusini.”

Nikaacha kumenya. Nikamuuliza mama Chanda, “Jirani, mwaka huu tumesomewa vikongwe wagonjwa wengi, au nakosea?”

“Wengi, ba mayo!”

“Amekufa nani?”

Akafikiri, mkono shavuni. “Amekufa yule dereva. Amekufa mwalimu, bado kijana. Na ng'ombe.”

“Hao vikongwe wanatibiwa wapi, na mimi nipelekwe?”

Mama Chanda akacheka mpaka ungo ukamponyoka. Tuse hakucheka. Akaanza kupanga vitabu ambavyo tayari vilikuwa vimepangwa.

Nikueleze, mwanangu, mtu anayesoma ana mwendo wake. Tuse akisoma, sauti inakwenda polepole, inasimama, inaendelea, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Lakini kila kikongwe alipokaribia kitanda, sauti inabadilika, inakuwa ile ya kibandani: “Ee, sasa, kwa hiyo basi yule bibi akapata nafuu, si unajua, wakafurahi wote.” Na ukurasa haugeuki. Mwaka mzima nilikuwa nahisi, najiambia labda waandishi wa siku hizi wana huruma.

Nikamwambia, “Tuse, daktari alisemaje?”

“Bibi, si nilikwambia? Ee, yaani, alisema tu kwamba upumzike, kwa hiyo...”

“Hiyo umeisoma au umeitunga?”

Mama Chanda akainuka. “Awe, hapana, nimeacha maharage jikoni!” Hakuwa na maharage yoyote huyo. Mungu ambariki.

Tuse akalia. Akasema moyo wangu umekuwa mkubwa, umechoka, hauponi. Dawa zinaushikilia tu. Inaweza kuwa muda mrefu, inaweza kuwa mfupi, daktari mwenyewe hajui.

Niliogopa, sikufichi. Karanga zote zikamwagika. Halafu hasira ikaja, na haikuwa ya moyo mkubwa. Nina mdogo wangu Mbebe, Sekela, ndiye pekee aliyebaki wa tumbo moja nami. Mwaka mzima ananipigia simu, “Dada, unakuja lini?” na mimi namjibu, “Nikipata nafuu, mwakani.” Na Tuse amekaa hapo hapo anasikia! Nikamwambia, “Ungeniacha niseme mwakani, mwakani, mpaka nifike Mbebe nimelala ndani ya sanduku?”

“Niliogopa utakata tamaa, bibi.”

Nikamjibu kwa sauti ya baba mdogo, ile ya kuvuta, “Kidooogo tu.” Anaijua hiyo hadithi, nimemsimulia tangu ananyonya. Akajifunika uso.

Tulipotulia nikamwambia, “Lete kile cha mbuzi. Nisomee kama kilivyoandikwa.”

Akasoma. Sauti ikavuka mawe yake moja moja. Akafika pale kikongwe yuko kitandani, akasimama.

“Endelea.”

“Amekufa, bibi.”

“Nimesikia. Na mbuzi je?”

Kumbe yule kikongwe aliambiwa na watu wake mapema. Akamwita binti wa jirani, akamfundisha jinsi ya kumkamua yule mbuzi mkorofi, akae upande upi asipigwe teke, amwimbie nini atulie. Kurasa nzima za kufundishana na kucheka. Ndizo tamu kuliko zote, na ndizo nilizorukishwa.

Wiki hiyo hiyo tukaenda Mbebe. Sekela nilimwambia mwenyewe, kwa mdomo wangu, jikoni kwake. Tulilia, tukala ndizi, tukagombana nani alivunja chungu cha mama, na mimi bado nasema ni yeye. Nilikaa mpaka akaanza kunichoka.

Haya anayaandika Tuse. Nimemwonya, nikihisi amepunguza neno namwita mtoto wa mama Chanda aje anisomee upya.

Sasa sikiliza, mwanangu. Nyinyi mnaosoma, mwaka ukiisha mnapiga picha rundo la vitabu mnaonyeshana. Vizuri. Lakini kaa navyo kidogo ujiulize ni wapi uliruka, na ulimruka nani. Na ukiwa wewe ndiye mdomo wa mtu asiyejua kusoma, awe bibi yako, awe mgonjwa mbele ya daktari, usimkatie habari yake kwa sababu wewe unaogopa kuitamka. Kaa karibu, sema polepole, mwache alie. Mzee akifichwa safari yake, anafichwa pia watu wa kuwaaga. Ukiona mtu anakupoza kwa sauti laini mno, muulize tena. Mshuku hata anayekupenda, hasa huyo anayekupenda.

Mungu akupe watu watakaokwambia ukweli wamekushika mkono. Naye akupe ulimi usiokimbia, na siku nyingi, mwanangu, na uzijue kuwa ni zako.