Mpimaji Aliyetaka Maji Yaondolewe

Ujumbe uliingia Alhamisi asubuhi, nikiwa bado natafuta miwani. Binti wa mzee rafiki yangu aliandika mstari mmoja tu: "Baba ametutoka alfajiri." Nilikaa kitandani nikakasirika. Najua wasomaji wangu mngependa niseme nilihuzunika, na huzuni ilikuja baadaye, lakini hasira ndiyo iliyowahi. Mzee huyu alikuwa mpima ardhi mstaafu hapa Sumbawanga. Tulifahamiana kwa kubishana, tukaendelea hivyo kwa miaka, na amekufa akisubiri jibu la barua ambayo hata mtoto wa darasa la nne angeweza kuijibu.

Ugomvi wake na dunia ulihusu neno moja, "eneo". Redio ikisema nchi yetu ni kubwa kuliko nchi fulani, yeye aliiuliza redio: "Pamoja na maji?" Mwanzoni nilidhani ni uzee. Kisha siku moja akanikalisha kwenye benchi la fundi viatu karibu na soko, akanieleza kwamba katika majedwali ya maendeleo, yale yanayolinganisha nchi na nchi, kuna safu ya eneo lote la nchi, na humo yamo maziwa na mito. Safu nyingine ni ya ardhi peke yake. Zote mbili ni halali na kila moja ina kazi yake. Balaa linaanza pale mtu wa ofisini anapochukua ile ya kwanza, akaigawanya kwa idadi ya watu, akatangaza kwamba kila mmoja wetu ana nafasi ya kutosha. "Mkoa huu una Tanganyika upande mmoja na Ziwa Rukwa upande mwingine," aliniambia. "Wakinigawia fungu langu, huenda likaangukia katikati ya maji. Nitavuna nini huko, migebuka?" Fundi viatu alicheka mpaka akaangusha sindano.

Alisema aliyemfundisha kupima hakuwa mwalimu wa chuo, alikuwa mama yake mzazi, mkulima wa Kaengesa. Ukimuuliza mama huyo shamba lake lina ukubwa gani, hakutaja ekari. Alitaja idadi ya ntumba, yale matuta ya duara ambayo sisi Wafipa tunafukia majani ndani yake yaoze kabla ya kupanda. Ntumba haijengwi ziwani, wala huwezi kuihesabu kama mgongo haujakuuma. Mzee yule alikuwa ametumia kila chombo, kuanzia mnyororo wa kupimia hadi vifaa vinavyoongea na satelaiti, na bado alishikilia kuwa hajaona kipimo cha kweli kuliko cha mama yake. Nilimwambia anatia chumvi. Akanuna siku mbili.

Sasa nifike kwenye barua. Kuna kijiji cha wavuvi kule mwambaoni, mbele ya Wampembe, kilichobanwa kati ya mteremko mkali na ziwa. Mpaka wake kwenye makaratasi unaingia majini, mbali kabisa. Maji yalipopanda miaka ile yalichukua nyumba za mbele, uwanja wa kuanikia dagaa, na makaburi. Ya Wakristo na ya Waislamu, yote. Wanakijiji wakaomba kipande kidogo cha msitu wa hifadhi ulio juu yao, cha kuzikia tu. Ofisi moja ikawajibu kwamba eneo la kijiji linatosha kwa idadi ya wakazi wake. Mzee akaandika barua ya kurasa tatu, akaipeleka mwenyewe kwa mkono, nami nikamsindikiza.

"Shikamoo mzee," alisema ofisa, mwanamume mpole tu. "Nimeangalia kwenye mfumo. Kijiji kina eneo kubwa."

"Marahaba. Pamoja na maji?"

"Mfumo hautenganishi, mzee. Unasema eneo."

"Na maji yalipopanda, eneo hilo lilipungua?"

Ofisa akabonyeza mashine yake, akatazama. "Hapana. Liko vilevile."

"Basi nionyeshe makaburi."

"Mzee nawe! Acha barua, itapelekwa juu."

Huko juu ilikopelekwa sijui ni wapi. Ninachojua ni kwamba kijiji kimeliwa na ziwa huku kwenye jedwali hakijapungua hata hatua moja, na hakuna aliyeona ajabu. Tena si wavuvi peke yao. Ndugu zetu wafugaji waliotoka kaskazini magharibi mwa nchi walikuja wakiwa wamesikia kwamba Rukwa ni kubwa na nafasi ni tele. Wakafika na ng'ombe wao wakakuta nafasi hiyo ina mahindi ya mtu, kisha sisi tunashangaa kwa nini watu wanashikana mashati. Tumeupenda ukubwa huu. Tunautaja kwenye sherehe, tunawafundisha watoto wauimbe darasani, na mimi mwenyewe nimewahi kujaza safu nzima kwa kuusifu.

Nami sina mikono safi. Mzee aliniomba mara tatu niandike habari za kijiji kile. Mara zote nilimjibu kwamba mambo ya maeneo na majedwali yatawasinzisha wasomaji. "Kwani waliosinzia ni akina nani?" aliniuliza mara ya mwisho, akaondoka bila kuniaga. Neno hilo bado linaniuma.

Tulimzika Jumamosi. Wasifu wake ulisomwa, mashamba na viwanja alivyopima vikatajwa, barua haikutajwa. Watu walipoanza kutawanyika nikamwona mwenyekiti wa kile kijiji, mama wa makamo, aliyepanda mteremko ule siku nzima ili kuwahi mazishi. Alikuwa amesimama akiangalia makaburi yetu ya mjini, jinsi yalivyo mapana na majani yanavyoota bila mtu. Nikamsalimu, nikamuuliza kama barua ilijibiwa.

"Wametuletea fomu mpya," alisema. "Mstari wa kwanza unauliza ukubwa wa eneo la kijiji."

"Mmejaza nini?"

"Bado." Akafunga khanga vizuri. "Kaka, mjukuu wangu nimemzika nyuma ya jiko. Nikienda kuchukua kuni napita juu yake. Hilo nalo nalijaza mstari gani?"

Aibu niliyoiona sitaisahau. Funzo nimelipata nikiwa nimechelewa, kwamba habari niliyoiona ya kuchosha ilikuwa ya mtoto asiye na kaburi. Basi wanaotugawia nchi kwa hesabu wateremke hadi kwa mama huyu, wasimame naye mlangoni, wamwonyeshe kwa kidole hiyo ardhi ya kutosha iko wapi. Na kidole kikielekea ziwani, wakishushe taratibu, wamsaidie kuchimba kaburi.