Kigoda cha Babu Nilichonunua kwa Simu

Hii stori nilikuwa nimeapa nisimwambie mtu, lakini kwa vile shangazi yake Nekesa, mchumba wangu, ameshaitangaza Kawangware nzima na nusu ya Kianda kwetu, afadhali muisikie kutoka kwangu, angalau mimi nitajihurumia kidogo. Mimi Wafula, fundi wa simu, mtu ambaye watu hutoka mpaka Sarang'ombe wakiniletea chaja niishike tu kwa mkono niwaambie kama ni orijino au ni feki (na huwa sikosei, ulizeni), nilichezwa na kigoda. Kigoda, jamani! Kitu cha miguu mitatu ambacho hata hakina betri.

Ilianza hivi. Nekesa alikuwa ameniambia kwamba Jumapili baada ya kanisa nitaenda kwao Kawangware nijulikane rasmi, na baba yake, Mzee Simiyu, fundi wa kushona suti, ndiye atakayesema ndiyo au hapana, na akisema hapana basi ni hapana, kwa sababu Nekesa hawezi kumpinga. Nilikuwa nampenda huyo msichana (bado nampenda) na sikulala vizuri wiki mbili. Nikamuuliza nimletee mzee nini.

"Sukari na unga, basi. Na usiongee mingi."

Ningemsikiliza, leo singekuwa na stori. Lakini siku nyingine alikuwa amenidokezea kwamba nyumba yao iliwahi kuungua, na kitu ambacho baba yake hulilia mpaka leo si cherehani wala kitanda, ni kigoda cha babu yake kilichotoka nyumbani Magharibi, kile ambacho mzee wa boma peke yake ndiye hukalia. Nikawaza, Wafula, sukari kila mtu analeta.

Usiku huohuo nikaingia kwenye ukurasa mmoja wa mnada wa mtandaoni, wanauza vitu vya kale, vibuyu, mikuki, redio za wakoloni, na hapo nikakiona: "Kigoda halisi cha mzee wa ukoo, mpingo mtupu, zaidi ya miaka mia moja, kutoka Magharibi, kina cheti." Cheusi tii, kinang'aa, kimepigwa picha kando ya mafiga. Nikataja bei. Mtu mmoja akanipita. Nikampita. Akanipita tena dakika hiyohiyo (sasa hivi najua huyo alikuwa muuzaji mwenyewe na simu yake ya pili, lakini siku hiyo nilimchukia kama mtu anayetaka kuninyang'anya mke), nikapandisha mpaka akanyamaza, na mimi nikaruka kitandani peke yangu kama nimefunga bao.

Kikaletwa na bodaboda kimefungwa ndani ya gunia. Nikafungua kidogo, nikaona weusi, nikaona karatasi ya cheti imebandikwa chini yake ikiwa na mhuri, nikafunga. Chaja ya soko huwa naigeuza mara nne. Kitu cha kunipatia mke, nikafunga gunia!

Sasa, huendi ukweni bila msemaji. Wangu alikuwa Mzee Barasa, seremala wa Kambi Muru, mtu ambaye akishika maneno hata waliao matangani hunyamaza kumsikiliza. Sukari na unga alibeba yeye kwenye mfuko, na njiani akaniuliza kwenye gunia nimebeba nini.

"Utaona hukohuko, mzee. Wewe kazi yako ni kukisifu tu."

"Nitasifu," akasema. "Hata ikiwa ni jiwe nitasifu."

Jua lilikuwa kali, nikakipakata kile kigoda kwenye bodaboda mpaka Kawangware, na nilipofika weusi ulikuwa umepenya gunia, viganja vyangu vyeusi kama vya muuza makaa. Nikajiambia hayo ni masizi ya kale. Nikafurahi hata!

Nyumba ilikuwa imejaa. Wajomba, majirani, shangazi mmoja mwenye macho makali amekaa karibu na mlango, na mama yake Nekesa yuko jikoni, maana kwetu mama mkwe hatupeani mkono naye (na kwa viganja vile, nilishukuru sana mila zetu). Mzee Simiyu alikuwa amevaa suti ya rangi ya maziwa aliyojishonea mwenyewe kwa ajili ya siku hiyo. Nikafungua gunia katikati ya nyumba.

Mzee Simiyu alikitazama kile kigoda, macho yakamjaa maji. Nilipoona yale machozi utamu ukanipanda kichwani, mdomo ukafunguka wenyewe, nikasema: "Baba, hiki kilikaliwa na babu yangu mzaa baba. Sasa ni chako."

Sijui yalitoka wapi. Nekesa akanigeukia pole pole. Nikamwangalia Mzee Barasa apokee maneno asifu, na Mzee Barasa, mdomo wa Kambi Muru yote, alikuwa amekodoa macho kama mtu aliyeona marehemu anapita na baiskeli.

"Mzee, sifu," nikamnong'oneza.

"Ni... ni kigoda," akasema. "Kina miguu."

Hapo ndipo hotuba ilipoishia. Lakini Mzee Simiyu hakujali, akakalia, jikoni kukapigwa vigelegele, akashika magoti yake, akafumba macho, akakaa hivyo kitambo kizuri. Halafu akasimama aombe, akageukia ukutani penye picha ya baba yake, na nyumba nzima ikaona. Nyuma ya ile suti ya maziwa kulikuwa na duara jeusi, kubwa, limekamilika kama limepimwa kwa sahani.

"Simiyu!" shangazi akapiga kelele. "Umekalia nini?"

Mzee akajipapasa, akaangalia mkono wake, akaunusa.

"Hii ni rangi ya viatu."

"Ni moshi, baba," nikasema haraka. "Moshi wa jiko la babu. Huwa haukauki."

(Naomba msinicheke. Au chekeni tu.)

Sasa, mtu wa kushona hatazami nguo kwa nje. Huigeuza kwanza aone mshono. Mzee Simiyu akakipindua kigoda, akagonga, akakwaruza kwa ukucha, chini ya weusi kukatokea mbao nyeupe pee ya jakaranda. Akafika kwenye cheti. Akakigusa.

"Gundi bado mbichi," akasema, akakibandua pole pole kama anayetoa kiraka. Chini yake kulikuwa na namba ya simu, imeandikwa kwa msumari wa moto.

Akanitazama juu ya miwani. "Babu yako alikuwa na simu?"

Nilitamani sakafu ipasuke. Yeye akatoa simu yake, akabonyeza zile namba moja moja huku akizisoma kwa sauti, akaweka sikioni. Na ndani ya koti la msemaji wangu jogoo akawika. Jogoo mkubwa, sauti ya mwisho. Akawika mara ya pili. Na Mzee Barasa, kwa mazoea ya biashara na kwa sababu alikuwa amechanganyikiwa, akaitoa simu akapokea.

"Hallo, Barasa Fanicha, nikusaidie?"

"Nisaidie," akasema Mzee Simiyu, hatua mbili mbele yake. "Hiki kigoda kina umri gani?"

"Kitafikisha mwezi Alhamisi."

Nyumba ikalipuka. Mjomba mmoja alianguka kutoka kwenye kochi. Mzee Barasa akajitetea kwamba kijana fulani aliagiza kumi na viwili akisema ni vya kupamba hoteli, yeye akavichonga kwa nia safi. "Mimi niliuza vigoda," akasema. "Babu sikuuza!" Wakacheka upya. Ni watu wawili tu hawakucheka, Nekesa na baba yake. Nekesa alikuwa ameinamisha uso, na hapo ndipo aibu iliniingia kweli, kwa sababu muuzaji alinidanganya mimi kwa pesa zangu, lakini babu wa uongo nilimleta mwenyewe, kwa mdomo wangu, mbele ya mtu aliyekuwa analia.

"Toka nje," Mzee Simiyu akaniambia.

Nikatoka. Wapangaji walikuwa wanafua pale kwenye mfereji, wakanitazama na suti yangu na viganja vyangu vyeusi, nikajua basi, nimempoteza. Nikaanza kutafuta njia ya kwenda stejini nipande gari.

"Unaenda wapi?" Ni sauti ya Mzee Simiyu, dirishani. "Bisha mlango."

Nikarudi nikabisha.

"Nani?"

"Wafula."

"Umeleta nini?"

"Sukari. Na unga."

"Na babu yako?"

"Alikufa kabla sijazaliwa, baba. Sijui hata sura yake. Sina kitu chake hata kimoja."

Ndani kicheko kikakatika. Nilisikia mtu anavuta kiti, kisha mlango ukafunguliwa na Mzee Simiyu mwenyewe, bado na lile duara nyuma.

"Mimi pia sina cha wangu," akasema. "Kwa hivyo tuko sawa. Ingia."

Nikaingia. Hakusema ndiyo siku hiyo, alisema mwezi uliofuata, na suti mpya ya harusi ananishonea yeye, ingawa kila akinipima huuliza kama nina uhakika kiuno ni changu. Mimi nami nimeapa, na Nekesa ni shahidi: sinunui tena kitu chochote kinachodaiwa kunizidi umri.